Mgonjwa Si Rehani: Imani ya Anayekaribia Kufa na Deni la Hospitali

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini, hasa wale waliouguza mtu hadi pumzi ya mwisho. Ni lalamiko dhidi ya madaktari, wauguzi na wakuu wa hospitali: kwamba mgonjwa aliwaamini, nao wakamwangusha saa ambayo hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea.

Tutaeleza lalamiko hilo lilivyoanza katika hospitali za Burundi, kwa nini lilianza, sheria inasemaje, na wewe ufanye nini likikufika, uwe bado kambini au umesharudi Gitega, Muyinga au kwingineko.

SEHEMU YA KWANZA: Mgonjwa hukabidhi nini?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo mgonjwa hafichi. Anavua nguo mbele ya mtu asiyemjua. Anasema amelala na nani, amekunywa nini, ameumia wapi. Hakuna mahali pengine ambapo mtu mzima hujifungua namna hiyo mbele ya mgeni.

Anayekaribia kufa hukabidhi zaidi ya hayo. Hana nguvu ya kuinuka na kutafuta hospitali nyingine, wala ya kubishana. Anakabidhi mwili wake, siri zake, maumivu yake, na baada ya hapo maiti yake. Ndiyo maana daktari huapa. Kiapo cha madaktari kilichopitishwa Geneva mwaka 1948 na Chama cha Madaktari Duniani kinamtaka daktari aitunze siri ya mgonjwa hata baada ya mgonjwa huyo kufariki. Deni la imani halifutwi na kifo.

Basi tukisema imani imevunjwa, hatusemi tu kwamba mgonjwa alikufa. Watu hufa hata mikononi mwa daktari bora. Tunasema kwamba mgonjwa alikabidhi kitu, na kitu hicho kikatumiwa dhidi yake au kikatupwa.

SEHEMU YA PILI: Burundi, mwaka 2006

Mwezi Septemba 2006, shirika la Human Rights Watch na shirika la Kirundi la APRODH, lililoanzishwa na Pierre Claver Mbonimpa, yalitoa ripoti kuhusu hospitali za Burundi. Ripoti hiyo ilieleza jambo ambalo Warundi walikuwa wakilijua tayari: mgonjwa aliyeshindwa kulipa bili, au faktura kama tunavyosema nyumbani, alizuiliwa hospitalini. Hakuruhusiwa kutoka. Walinzi wa lango walikuwa na amri. Hospitali ya Prince Régent Charles ya Bujumbura ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa.

Waliozuiliwa hawakuwa wahalifu. Walikuwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji, watoto, watu waliogongwa na magari, na watu wenye maradhi ya muda mrefu. Wengine walikaa wiki, wengine miezi. Baadhi walikosa kitanda wakalala chini. Na kwa kuwa hospitali zetu hazimlishi mgonjwa, aliyekuwa hana ndugu wa kumletea chakula alishinda na njaa, akitegemea huruma ya walio kitanda cha jirani au ya watu wa dini. Wapo walionyimwa matibabu zaidi kwa sababu deni la kwanza halijalipwa.

Fikiria maana yake kwa familia ya kijijini. Huu ni mfano tu, lakini utautambua. Mzee mmoja wa kilima fulani huko Muyinga anavimba tumbo. Majirani wanambeba kwenye ingobyi, wanapokezana mabegani hadi kituo cha afya. Kituo kinashindwa, anapewa karatasi ya kuhamishiwa hospitali kubwa: Muyinga mjini, kisha labda Ngozi, Gitega au Bujumbura. Familia inauza mbuzi, halafu kipande cha shamba. Daktari anaona kwamba ugonjwa umeshasambaa na hautapona. Sasa mzee anataka jambo moja, afie nyumbani kwake. Lakini kuna faktura. Na kadiri anavyokaa ndivyo faktura inavyokua, maana hata siku za kuzuiliwa huweza kuhesabiwa kuwa siku za kitanda.

Hapo ndipo imani inapogeuka. Mwili ambao mzee aliwakabidhi waganga ili wautibu unakuwa rehani ya deni.

SEHEMU YA TATU: Lilitoka wapi?

Msikilizaji, ukitaka kuziba mfereji sharti ujue maji yanatoka wapi. Mwaka 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakakubaliana kwamba wananchi wachangie gharama za dawa ili vituo visikauke. Nia ilikuwa dawa zipatikane. Lakini mchango kwa aliye na kipato ni ukuta kwa asiye nacho.

Burundi iliingia katika vita mwaka 1993. Mashamba yaliachwa, ng'ombe waliporwa, watu wakakimbilia Tanzania, Kongo na kwingineko, wengine wenu mkiwa watoto mgongoni. Madaktari nao walikimbia. Katikati ya umaskini huo, mwaka 2002, serikali ilipanua mpango wa kuwatoza wagonjwa gharama za matibabu. Mwaka 2004 Madaktari Wasio na Mipaka walionya hadharani kwamba Warundi wengi walikuwa wakikaa bila matibabu kwa sababu ya ada hizo.

Wakati huohuo hospitali kubwa za serikali zilitakiwa kujitegemea. Mkurugenzi alitakiwa kununua dawa, kulipa umeme na mafuta ya jenereta, na kulipa sehemu ya wafanyakazi kutokana na fedha za wagonjwa. Wakuu wa hospitali walipoulizwa kwa nini wanawazuia watu, walisema wakiwaachia bila kulipa, hospitali itafungwa. Dawa ya deni ni kulipa, wakasema.

Tuwasikilize, maana jibu lao lina ukweli ndani yake. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa arobaini hakutunga ada ile. Lakini jibu hilo halimtoshelezi aliyezuiliwa. Mtu asiye na shamba tena, asiye na mbuzi tena, hata akikaa mwaka mzima wodini hatazaa fedha. Kinyume chake, akizuiliwa halimi, hafanyi kibarua, na mkewe au mumewe anashinda hospitalini akimhudumia. Kwa hiyo kumzuia hakulipi deni. Kunachofanya ni kuwatisha wengine. Na wengine walitishika kweli: mgonjwa anayejua kwamba atafungiwa huchelewa kwenda hospitali, au hafiki kabisa. Anafia kitandani kwake na ugonjwa ambao pengine ungetibika.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA NNE: Kilichobadilika, na kisichobadilika

Tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 yatakuwa bure katika vituo vya serikali. Wodi zilijaa mara moja. Wauguzi walielemewa, dawa ziliisha upesi, na malipo ya serikali kwa hospitali yalichelewa. Kuanzia mwaka 2010 serikali na wafadhili walianza kuvilipa vituo nchi nzima kulingana na kazi vilivyofanya, ili huduma hiyo ya bure isiviue vituo vyenyewe. Kwa akina mama na watoto wengi, tangazo lile lilifungua lango.

Ipo pia kadi ya matibabu iitwayo CAM, ambayo kaya hununua kila mwaka, nayo hupunguza sehemu kubwa ya gharama katika vituo vya serikali. Lakini angalia nani amebaki nje ya tangazo la mwaka 2006: mtu mzima mwenye saratani, mzee mwenye figo zilizochoka, baba aliyevunjika mgongo. Hao ndio mara nyingi hukaribia kufa polepole, kwa miezi, na gharama zao ni kubwa kuliko zote.

SEHEMU YA TANO: Njia nne za kuvunja imani ya anayekufa

Kumzuia mgonjwa ni njia moja. Zipo nyingine ambazo hazihitaji mlinzi wa lango.

Ya kwanza ni kumficha ukweli ili aendelee kulipa. Mgonjwa ambaye hatapona anaandikiwa vipimo na dawa ghali ambazo hazitambadilishia kitu, na familia inauza shamba la mwisho. Kumwambia mtu kwamba ugonjwa hautapona ni kazi ngumu, na wapo ndugu wanaomsihi daktari asiseme. Lakini mgonjwa anayetaka kujua ana haki ya kujua, maana siku zilizobaki ni zake. Huenda anataka kugawa mashamba mbele ya wazee, kupatana na kaka yake, au kuita padri au shehe.

Ya pili ni kumwacha na maumivu. Ipo dawa iitwayo morfini. Ni ya zamani, si ghali, na ya kunywa huwa maji yanayopimwa kwa kijiko au sindano isiyo na ncha. Nchini Uganda, Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaonyesha kwamba mgonjwa wa saratani anaweza kutulizwa nyumbani kwake kijijini. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliofunzwa waweze kuandika morfini, kwa sababu kijijini hakuna daktari. Rwanda nayo ilipitisha sera ya tiba shufaa mwaka 2011. Tiba shufaa maana yake ni kumhudumia mtu ambaye hatapona: kumpunguzia maumivu, kichefuchefu, vidonda na hofu.

Lakini kwingi katika kanda yetu, Burundi ikiwemo, dawa hiyo bado ni adimu. Jopo la wataalamu lililotoa taarifa katika jarida la Lancet mwaka 2017 lilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo 100. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 100 wanaohitaji tiba shufaa, ni 14 hivi tu wanaoipata. Kwa hiyo muuguzi anayekuambia hana dawa, huenda anasema kweli. Kosa ni la yule aliye nayo akaiuza mlango wa nyuma, au anayesema mgonjwa huyu anakufa tu, kwa nini tupoteze dawa.

Ya tatu ni kutoa siri. Ugonjwa wa marehemu unasimuliwa kwenye foleni ya maji kabla hajazikwa, na wajane na watoto wanabaki na aibu. Kumbuka kiapo tulichokitaja: siri inabaki siri.

Ya nne ni kuzuia maiti. Waswahili husema, maiti haulizwi sanda. Lakini katika nchi kadhaa za kanda hii zipo hospitali zilizowahi kuuliza, zikakataa kutoa mwili hadi ndugu walipe. Huko Mombasa, mwaka 1998, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa jambo hilo katika kesi dhidi ya hospitali ya Pandya Memorial: maiti haiwezi kushikwa kama dhamana ya deni.

SEHEMU YA SITA: Sheria inasemaje?

Kuna mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, wa mwaka 1966. Burundi ilijiunga nao mwaka 1990. Kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Deni la hospitali ni deni kama la dukani. Mwenye duka anaweza kukudai, anaweza kukupeleka mahakamani, lakini hawezi kukufungia stoo.

Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua hivyo kuhusu wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kukosa fedha. Alisema kuzuiliwa kwao kulivunja haki zao, akaamuru walipwe fidia. Hukumu ya Kenya haiifungi hospitali ya Gitega. Lakini inaonyesha kwamba jambo hili si bahati mbaya ya maskini. Ni kosa linaloweza kutajwa mbele ya jaji.

SEHEMU YA SABA: Wewe ufanye nini?

Tuanze na kambini. Huduma ya afya inayotolewa na mashirika kambini hailipiwi. Mtu akikuomba fedha ili mgonjwa wako aonwe haraka, apewe kitanda au apewe rufaa ya kwenda hospitali ya nje, usimpe. Kumbuka siku, saa na mahali, kisha upeleke taarifa kwenye dawati la malalamiko la shirika linaloendesha kituo, kwenye dawati la ulinzi la UNHCR, au kwenye sanduku la maoni. Ukiogopa, mwombe kiongozi wa kijiji au wa bloku unayemwamini aende nawe. Kulalamika hakufuti haki yako ya kutibiwa.

Ukiwa unamuuguza mtu ambaye hali yake ni mbaya, wewe umurwaza, uliza maswali haya waziwazi: Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hii inatibu au inatuliza? Tukienda hospitali kubwa, kuna tumaini gani? Maumivu yatapunguzwa kwa njia gani? Tunaweza kumhudumia nyumbani, na tukipata shida usiku tumwite nani? Mhudumu wa afya wa jamii anaweza kukusaidia kuyauliza kwa lugha ambayo daktari anaielewa.

Ukipewa morfini kwa ajili ya mgonjwa, usiiogope, na usimpe mtu mwingine. Ikitolewa kwa kipimo kilichoandikwa, na kwa saa zilizoandikwa, haimwui mgonjwa. Huweza kumfunga choo, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Usisubiri maumivu yawe makali ndipo umpe. Na akilala mno usiweze kumwamsha, au pumzi yake ikawa ya polepole kupita kawaida, mwite mhudumu mara moja.

Sasa kwa wewe unayejiandaa kurudi Burundi. Kabla ya kuondoka, omba kituo cha kambi kikupe karatasi za matibabu: jina la ugonjwa, dawa na vipimo. Zitunze pamoja na hati zako za kurejea. Bila karatasi hizo, hospitali ya Muyinga itaanza upya kukupima, na kila kipimo kina bei. Ukishafika, ulizia kadi ya CAM mapema, kabla hujaugua.

Ikitokea mgonjwa wako amelazwa na fedha haitoshi, usingoje siku ya kutoka. Siku ya kwanza sema kwamba hujiwezi. Omba faktura iliyoandikwa kitu kimojakimoja, uisome au usomewe. Uliza kama hospitali ina ofisi ya huduma za jamii. Nenda kwenye utawala wa komine ukaombe hati ya kutojiweza. Pendekeza kulipa kidogokidogo, na makubaliano yaandikwe. Wakikuzuia, au wakizuia maiti, waite wazee wa kilima wawe mashahidi, na lipeleke jambo kwa shirika la haki za binadamu au kwa Tume Huru ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNIDH, iliyoanzishwa mwaka 2011. Kumtorosha mgonjwa usiku kunaweza kumuua, na kunamkosesha matibabu yaliyobaki.

SEHEMU YA NANE: Tusiwahukumu kabla ya kuuliza

Neno la mwisho ni la uadilifu. Mtu akifiwa, uchungu hutafuta wa kulaumiwa. Si kila sindano iliyofuatiwa na kifo ndiyo iliyoua. Si kila muuguzi aliyechelewa alidharau. Uvumi kwamba fulani anaua wagonjwa umewahi kuwafukuza wahudumu, na wagonjwa waliobaki ndio walioumia. Kabla hujasema imani imevunjwa, uliza: Je, waliomba fedha isiyostahili? Walificha ukweli nilipouliza? Walikuwa na dawa wakainyima? Walitoa siri? Walimzuia? Jibu likiwa ndiyo, sema, na usinyamaze. Likiwa hapana, huenda ulichokiona ni kifo tu, na muuguzi yule naye amerudi nyumbani na uzito moyoni.

Wanaofanya kazi vizuri wapo, tena wengi, Gitega, Muyinga na hapa kambini. Nao hudhurika pale mwenzao mmoja anapouza imani, maana kesho mgonjwa hatamwambia kweli hata yule mwema. Kulalamika kwa haki ni kumlinda pia muuguzi mwaminifu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika familia yenu, nani huambiwa kwanza kwamba ugonjwa hautapona, na kwa nini?

2. Hospitali isiyo na fedha ifanye nini na mgonjwa asiye na fedha? Toeni njia mbili ambazo hazimzuii mtu.

3. Dawati la malalamiko la kituo chenu liko wapi, na linafunguliwa siku gani? Asiyejua aelekezwe leo.

4. Majirani wanawezaje kumsaidia umurwaza ambaye hajalala kwa wiki nzima?

Ukimaliza na karatasi hii, mpe jirani anayeuguza.

(Muziki wa kufunga.)